Padri Jean-Berchmans Nizigama na Karatasi ya Majina

Mapadri wetu, masista, Mama Mwavita na watoto mliotoka Mulongwe, wakristo wa Nyakabere na wa Sange, ndugu na majirani: mimi ni Consolate Akimana, mdogo wa marehemu, yule aliyempikia pale parokiani tangu mwaka 1991. Jamaa imeniomba nisome maisha yake. Sehemu kubwa aliisema mwenyewe kitandani, mwezi wa tano na mwanzo wa mwezi huu, nami nikaandika katika kaye, daftari langu hili. Alitaka isomwe mbele ya watu wote. Sauti yangu ikikatika, mtanisamehe, mfuate kwenye karatasi mliyopewa.

Padri Jean-Berchmans Nizigama alizaliwa hapa Nyakabere, katika bonde la Ruzizi, tarehe 13 Agosti 1948. Alikuwa mtoto wa pili kati ya saba wa Mzee Itangishaka na Mama Pudentienne. Mmisionari aliyembatiza alitazama kalenda ya watakatifu, akampa jina la mtakatifu wa siku hiyo. Baba yetu hakujua kusoma, akachukua wiki mbili nzima kujifunza kulitamka. Wazazi walilima pamba kwa sababu serikali ya wakati ule iliwalazimisha, na mihogo kwa sababu ya tumbo. Mama alisema kwamba mtoto huyu aliuliza maswali hata kabla ya kujua kutembea vizuri. Kuku akitaga mahali pasipojulikana, ni yeye aliyetumwa kumfuata. Alikuwa anamfuata taratibu, bila kumfukuza, mpaka kuku anamsahau.

Alisoma shule ya msingi ya misioni kuanzia 1955 hadi 1961. Mwaka 1962 aliingia seminari ndogo kule milimani. Mwaka 1964 maasi yalipofika Uvira, seminari ilifungwa, akarudi nyumbani kwa miguu, siku nne njiani, na viatu ameviweka begani ili visiishe. Alikaa shambani miaka miwili. Baba alidhani mambo ya upadri yamekwisha, akaanza kumtafutia kiwanja. Lakini mwaka 1966 alirudi darasani, akakaa benchi moja na watoto aliowazidi kwa kichwa na mabega, hakuona haya. Alipata diploma ya serikali mwaka 1970, akafundisha darasa la tano hapo Sange kwa miaka miwili, kisha akaenda seminari kubwa. Wanafunzi wake wa wakati ule wanakumbuka kwamba hakuwahi kuuliza darasa, “Nani amefanya hivi?” Alikuwa anaokota kipande cha chaki kilichotupwa, anakitazama, anaendelea na somo. Jioni mwenye kosa alikuwa anakuja mwenyewe.

Hakuoa. Mama alikuwa amekwisha kumchagulia binti wa jirani, na siku ya daraja la upadri, Jumapili tarehe 6 Agosti 1978, alilia machozi ambayo mpaka kufa kwake hakutaka kutueleza kama yalikuwa ya furaha au ya hasira. Padri alitumwa parokia hii ya Mama wa Huruma, kwanza kama msaidizi, na tangu 1983 kama paroko. Hakuhamishwa tena. Alikuwa anasema kwamba ameoa bonde hili, na kwamba ni mke mgumu.

Wengi mnakumbuka habari ya kamba ya kengele. Ilikuwa 1985. Kamba iliibwa Jumatano, na watu wakamwomba Padri amlaani mwizi altareni. Alikataa. Akachukua baiskeli, akaenda kusalimia watu nyumba kwa nyumba, akanywa maji kila mahali, akauliza habari za watoto. Siku ya tatu akaona mbuzi mdogo amefungwa kamba nene kuliko shingo yake. Alirudi kesho yake na kamba nyembamba, mpya, akampa mwenye mbuzi, akamwambia, “Hii itamfaa zaidi, ile inamchosha.” Jumapili kengele ikalia. Jina la mwenye mbuzi hakulitaja hata kwangu.

Tangu hapo watu walimletea mambo yao. Baiskeli iliyopotea, barua isiyo na jina, mbwa aliyepewa sumu, wasia ambao ndugu wawili walikuwa wanaugombania. Vijana walimpa jina la Inspekta. Yeye hakulipenda. Alisema padri ana kazi ya kutosha na dhambi ambazo watu wanazileta wenyewe, hana haja ya kufuata zile wanazozificha. Lakini aliendelea kufuata, kwa sababu aliona kwamba mwizi asipojulikana, anayeadhibiwa ni yule ambaye watu hawampendi.

Vita vya kwanza vilipoingia Oktoba 1996, tulikimbia kama ninyi nyote. Kabla ya kuondoka, Padri alijaza vitabu vya parokia katika kantini, sanduku la chuma, vya ubatizo, vya ndoa na vya marehemu, akaichimbia shimo ndani ya banda la kuku. Nguo zake mwenyewe aliziacha. Tuliporudi mwezi wa kumi na mbili, kanisa lilikuwa halina milango wala mabati, kuku hawapo, lakini kantini ilikuwepo. Alifungua kitabu kimoja kimoja juani, akapuliza vumbi, akaniambia, “Dada, watu wetu wote wako humu.” Nilimwona amefurahi siku ile.

Sasa nakuja mwaka 1999. Hapa mnivumilie, maana ndiyo sehemu aliyoniagiza nisiikate.

Mwezi wa tatu wa mwaka ule, wanajeshi waliokuwa wanashika bonde wakati huo walijenga kambi kando ya barabara. Walitafuta vijana wenye umri wa kubeba bunduki, ili upande mwingine usiwachukue. Mwezi wa nne wakaanza kuja na karatasi. Walikuja mchana kweupe, sokoni, shambani, mlangoni. Walisoma majina, na mwaka wa kuzaliwa. Waliosomwa walipandishwa gari. Mpaka mwanzo wa mwezi wa sita walikuwa vijana kumi na tisa, na hakuna aliyerudi. Kila mmoja wetu alijua kwamba wanajeshi wale ni wageni, hawawezi kujua nani ni mtoto wa nani. Kuna mtu wa kwetu aliyekuwa anaandika.

Watu walimtazama Nasoro. Nasoro alikuwa mfanyabiashara, Mwislamu wa Uvira, mke wake na watoto walikaa Mulongwe, yeye alikuwa na duka la chumvi na sabuni hapo Sange. Wanajeshi walikaa kwenye benchi lake kila siku, wakasikiliza redio yake, wakachukua walichotaka. Alikuwa afanye nini? Lakini watu waliona benchi tu. Padri na Nasoro walikuwa marafiki. Ijumaa Nasoro alikuwa anaenda kuswali, na akirudi anapita kwetu, wanabishana mambo ya Mungu mpaka chai inapoa.

Jumanne tarehe 8 Juni, vijana wa Sange walivunja duka. Nasoro alikimbia kwa miguu mpaka parokiani, kiatu kimoja, shati limechanika mgongoni. Padri alimfungia ndani ya sakristia, kisha akatoka, akasimama mlangoni. Aliyewaongoza vijana ni Claude, mtoto wa Mathias. Mdogo wake Claude, yule aliyeitwa Norbert, alikuwa amechukuliwa wiki mbili kabla.

“Padiri, utupe huyo muntu,” Claude alisema. “Yeye njo anatuuza.”

“Ulimuona anaandika?”

“Hapana. Lakini ni nani mwingine?”

“Ndiyo ninauliza. Ni nani mwingine?”

Claude alikuwa analia na mawe mikononi. Padri akamwambia, “Munipe siku tatu. Nitatafuta mwenye kuandika. Nasoro atakaa humu, hatatoka.”

“Siku tatu, Padiri,” Claude alisema. “Hatutaongeza.”

Padri alianza siku ileile. Alikwenda kwa kila mama aliyechukuliwa mtoto, na swali lake lilikuwa moja: walimwita vipi? Akina mama walishangaa. Walitaka kusimulia gari, bunduki, machozi. Yeye alisikiliza yote, halafu akarudia, “Walipomwita, walisema jina gani?” Alhamisi asubuhi alimfikia Claude mwenyewe, kwenye shamba lao la mpunga. Claude alimweleza mbele yangu, maana nilikuwa nimemfuata Padri na chakula chake.

Alisema wanajeshi watatu walisimama kwenye ukingo wa shamba, mmoja akasoma: “Norebert wa Mathias, 1981.” Hakuna aliyeitika. Mdogo wake hakuna mtu aliyemwita jina hilo. Tangu mtoto aliitwa Tosha, kwa sababu alikuwa wa tisa na mama yake alisema huyu anatosha. Hata yeye mwenyewe aliendelea kupalilia. Ni Claude aliyekumbuka, akageuka, akamwambia bila kufikiri, “Tosha, ni weye banaita.”

Claude aliposema hivyo alikaa chini ndani ya maji ya mpunga. Padri naye alikaa, na suruali yake ya padri. Walikaa hivyo wote wawili.

“Karatasi waliondoka nayo?” Padri aliuliza baadaye.

“Waliitupa. Niliiokota.”

Ilikuwa mfukoni mwake, imekunjwa, wino umelowa nusu. Padri aliitazama muda mrefu. Kulikuwa na majina sita. Yote ni ya ubatizo, jina la kwanza na jina la baba, pamoja na mwaka. Hakuna jina hata moja la kuitana barabarani. Na lile la tatu liliandikwa “Norebert”, na herufi moja isiyo yake katikati. Nilimwona kaka yangu anapoteza rangi. Alimwambia Claude, “Asante,” akapanda baiskeli, na chakula hakukigusa.

Alikwenda moja kwa moja kwenye buro, ofisi ya parokia, akafungua kitabu cha ubatizo cha 1981. Majina yale sita yalikuwa kwenye ukurasa mmoja, yamefuatana vilevile kama kwenye karatasi. La tatu lilikuwa Norebert. Na mwandiko ulikuwa wake yeye mwenyewe. Alikumbuka ile Jumapili: alibatiza watoto ishirini na saba akiwa na homa ya malaria, mkono unatetemeka. Kosa lilikuwa lake, na kwa kosa hilo alijua kwamba karatasi ilinakiliwa kutoka humo. Nasoro hakuwahi kuingia katika ile buro. Kabati la vitabu lilikuwa na funguo mbili. Moja ilikuwa shingoni mwa Padri pamoja na medali yake. Ya pili ilikuwa ya Antoine.

Antoine alikuwa katekista na sekreteri wa parokia kwa miaka kumi na sita. Aliwafundisha katekisimu karibu wote mliosimama hapa. Ninasema jina lake kwa sababu Mama Léocadie, mjane wake, aliyekaa pale mbele karibu na jeneza, ndiye aliyetaka nilisome. Nilimwuliza mara mbili. Alisema, “Soma. Nimechoka kulibeba peke yangu.”

Alhamisi ile jioni Padri hakula. Niligonga, nikasema bugali unapoa, akaniambia, “Acha upoe.”

Ijumaa asubuhi alikwenda kwa Antoine. Alimkuta nyuma ya nyumba, anapasua kuni. Hakumshtaki. Alimwonyesha karatasi tu, kisha akakaa kwenye gogo. Antoine aliweka shoka chini.

“Iko mutoto yangu kule, Padiri,” alisema.

Ndipo Padri alipojua. Generose, binti ya Antoine, mwenye miaka kumi na sita, hakuwa Uvira kwa shangazi yake kama tulivyoambiwa. Wanajeshi walimkamata njiani mwezi wa tatu, akitoka kuchota maji. Komanda wa kambi alimwita Antoine, akamwambia kwamba anajua yeye ndiye mwenye kushika vitabu. Alete majina ya vijana na umri wao. Kila akileta karatasi, binti ataishi. Asipoleta, asije tena kuuliza.

“Ulichaguaje?” Padri aliuliza.

“Sikuchagua. Ningechaguaje? Nilifungua kitabu, nikafuata mustari.”

Padri aliniambia kwamba alitafuta neno la kumwambia, katika yote aliyosoma, miaka yote ile ya seminari, na hakulipata. Alikuwa amemfikia mtu aliyekuwa anamtafuta, na hakujua afanye naye nini. Akimtaja kwa vijana, watamwua, pamoja na Léocadie na watoto wadogo. Akinyamaza, karatasi itaendelea. Alikuwa bado amekaa kwenye lile gogo alipoanza kusikia kelele kutoka upande wa kanisa.

Asubuhi ileile wanajeshi walikuwa wamechukua vijana wengine wawili sokoni. Claude na wenzake hawakungoja siku iishe. Mimi ndiye niliyekuwa mlangoni pa sakristia. Niliwaambia, “Huyu tumemufungia humu tangu Jumanne! Ataandika namna gani?” Nilisema hivyo mara nyingi. Nafikiri wengine walinisikia. Lakini walikuwa wengi, na wale wa nyuma waliwasukuma wa mbele. Walinitoa kwa mkono mmoja, kama mtu anavyotoa kiti. Nasoro alitoka mwenyewe, hakutaka mlango uvunjwe. Aliniambia, “Dada, umuambie Padiri asijilaumu.” Wakampeleka mpaka kwenye uwanja wa shule.

Padri alifika anakimbia, Nasoro angali hai, yuko chini. Akajitupa katikati. Akapiga kelele, “Si yeye! Ninajua si yeye!”

Claude akamwuliza, “Basi ni nani?”

Nilikuwa pale. Nilimwona kaka yangu anafungua mdomo. Aliutazama uso wa Claude, akatazama mawe, akatazama upande wa nyumba ya Antoine. Kisha akaufunga mdomo.

Nani alipiga tena baada ya pale, marehemu hakunitajia, na mimi sitaandika. Nasoro alikufa hapo hapo, kichwa chake kwenye mapaja ya Padri.

Mwaka huu, alipokuwa mgonjwa, nilimwuliza kama angeweza kufanya lingine. Alisema, “Nimejiuliza kila siku miaka mitano. Nikisema, Antoine anakufa. Nikinyamaza, Nasoro anakufa. Nilinyamaza, na mwishowe walikufa wote wawili.”

Alimpeleka Nasoro Uvira katika pikapu ya parokia, kupitia vizuizi vinne vya wanajeshi, na alimkabidhi Mama Mwavita, mke wa Nasoro, nyumbani kwake Mulongwe kabla jua halijatua. Mama Mwavita, niruhusu niseme uliyomwambia. Ulimwambia, “Padiri, si weye ulisema utamuchunga?” Akajibu, “Nilisema, mama.” Alikaa nje mpaka mazishi yalipokwisha kesho yake, kisha akarudi.

Aliporudi alimwita Antoine kwenye buro, akatoa kabatini kitabu cha marehemu, akamwambia, “Tangu leo utafuata mistari ya hiki.” Na ndivyo walivyofanya. Karatasi iliyofuata ilikuwa ya watu tuliokwisha kuwazika. Wanajeshi walizunguka vijiji wakiita vijana waliokufa kwa surua, kwa kipindupindu, kwa maji ya mto. Akina mama waliwapeleka makaburini, wakawaonyesha misalaba. Karatasi ya pili ikawa vilevile. Kwa wiki nne hakuna mtoto wa mtu aliyepandishwa gari. Ni kitu kimoja tu katika yote yale ambacho Padri alikisimulia na tabasamu kidogo.

Tarehe 14 Julai komanda alituma watu wamchukue Antoine. Padri alifuata mpaka kambini, akaomba kumwona komanda, akamwambia, “Mimi ndiye niliyemwambia aandike wafu. Mwacheni yeye.” Komanda alicheka, akasema padri anadanganya ili kumwokoa mtumishi wake. Walimpiga kwa vitako vya bunduki, mgongoni na kiunoni, wakamtupa barabarani. Tulimleta kwa machela. Antoine hakutoka. Mwili wake hatukupewa hata leo.

Padri alipoweza kusimama, kazi yake ya kwanza ilikuwa kubeba vitabu vya ubatizo, kuanzia 1974 hadi 1985, mpaka jikoni kwangu. Aliniomba moto. Nilimwambia, “Kaka, hivi ndivyo ulivyovizika wakati wa vita visipotee.” Akasema, “Wakija wao wenyewe wataandika bila Antoine.” Alichana ukurasa mmoja mmoja. Ilichukua alasiri nzima. Najua wengi wenu mlipokuja kutafuta cheti cha ubatizo kwa ajili ya ndoa, mlimlaumu kwamba ni paroko mzembe, amepoteza vitabu. Alinyamaza. Sasa mnajua vilipo. Kwa kumbukumbu yake aliandika upya majina mia sita na arobaini katika kaye nne. Mengine hayakurudi.

Mara tatu alisema altareni kwamba Nasoro hakuwa na kosa. Kwa kuwa hakutaja mwenye kosa, watu hawakumwamini. Walisema anamtetea rafiki yake. Claude aliacha kuja kanisani, akaenda milimani na wapiganaji, akafia huko mwaka 2000. Hakupata kujua. Padri aliwapelekea wazazi wake chumvi na maharagwe mpaka walipohama.

Baada ya hapo alikuwa mtu wa kutafuta waliopotea. Watu walikuja kutoka Sange, Kiliba, hata Uvira, na picha mkononi. Alikwenda kambi kwa kambi na kaye yake. Wale kumi na tisa, na wale wawili, aliwatafuta miaka minne, akapata habari za watatu, wote wamekufa. Mwishoni mwa 2003 alikutana na askari aliyekuwa ameacha jeshi, ambaye aliwahi kukaa kambi ile. Alimwuliza habari za Generose. Yule alimkumbuka. Alisema binti yule alikufa kwa homa mwezi wa nne 1999, wiki chache baada ya kukamatwa, na wakubwa walikataza isisemwe.

Padri alikaa na habari hiyo siku mbili. Kisha akaenda kumwambia Mama Léocadie. Nilikwenda naye. Mama alikuwa anamenya mihogo, akasikiliza mpaka mwisho, kisu mkononi.

“Mwezi wa ine?” aliuliza.

“Wa nne, mama.”

“Karatasi nyingi aliziandika mutoto ameshakufa.”

“Ndiyo.”

“Basi aliandika bure.”

Padri alisema, “Ndiyo, mama.” Akakaa chini karibu naye, akachukua kisu kingine, wakamenya mihogo yote iliyokuwepo. Sikuwa nimemwona kaka yangu na kisu cha jikoni maisha yangu yote.

Ugonjwa wake ulitokana na kipigo kile. Tangu 2001 miguu ilianza kuvimba, kisha tansion, shinikizo la damu, kisha figo zikachoka. Mwezi wa tano mwaka huu daktari wa Uvira alisema hapa hakuna mashine ya kumsaidia, apelekwe Bujumbura. Tulitafuta karatasi za safari. Zilipotimia, mapigano ya Bukavu yalikuwa yameanza na mpaka wa Kavimvira ukafungwa. Kutoka dirisha la wodi tuliona ziwa na, siku ambazo hakuna ukungu, nyumba za Bujumbura ng'ambo. Ni mwendo wa saa moja kwa gari. Nilikwenda mpakani mara tano. Askari wa pale alinisikiliza vizuri, hakuwa mtu mbaya, akasema, “Mama, hata mimi familia yangu iko ng'ambo.” Nikarudi.

Siku zile ndizo alizotumia kuniambia haya. Alikuwa anachoka, analala, anaamka, anauliza, “Tumefika wapi?” Siku ya mwisho aliniomba nimsomee ile sehemu ya Nasoro. Nikasoma. Akasema, “Usiifanye nzuri.” Nimejaribu, kaka.

Padri Jean-Berchmans alifariki Jumamosi tarehe 19 Juni 2004, saa tisa alasiri, katika hospitali ya Uvira, akiwa na miaka hamsini na mitano na miezi kumi, miaka ishirini na mitano na miezi kumi katika upadri. Tulikuwa naye Mama Léocadie na mimi.

Ameacha dada wawili, mimi Consolate na Mukuru wetu, dada mkubwa, Spès aliye Bujumbura, ambaye kwa sababu ya mpaka hakuweza kuja kumzika. Ameacha watoto wa ndugu kumi na watano na wajukuu. Ameacha Mama Léocadie na watoto wake wanne. Ameacha wakristo wa parokia hii. Ameacha pia Mama Mwavita, na Fadhila na Karim, watoto wa Nasoro. Waliniuliza jana kama wanaweza kusimama upande wa jamaa, nami nikawaambia nafasi ipo.

Ee Bwana, huyu ni Jean-Berchmans, mtumishi wako. Alichoka mbele ya macho yetu, na hatukujua la kufanya. Mpe wewe pumziko ambalo sisi tulishindwa kumpa. Amina.